Alama Moja ya Mama

Fundi cherehani alikuwa amekaa dirishani ndani ya basi la jioni, daftari lake la darasa la watu wazima mapajani, akimchungulia kijana wa pembeni aliyekuwa akisahihisha mtihani wa uchumi wa kidato cha tatu. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika ada ya masomo ya mama yake kwenye safu ya mahitaji, si ya anasa. Kalamu nyekundu ikaikata.

Fundi alimwomba Mungu amshikie ulimi, lakini kabla hajafika amina ulimi ulishateleza. "Mwalimu, hapo mtoto kakosa nini?"

"Mwongozo unasema masomo ya mtu mzima mwenye kazi ni anasa, mama. Mahitaji ni chakula, kodi, dawa."

"Aliyeuandika alizaliwa anajua kusoma?" Abiria wa nyuma wakacheka. Fundi akagonga karatasi kwa kidole chenye alama za sindano. "Kapata ishirini na tisa, na kufaulu ni thelathini. Umemwangusha kwa kumheshimu mama yake."

"Nikimwonea huruma leo, maisha hayatamwonea."

"Haya, Bwana Maisha. Na wewe unakwenda wapi na begi hilo zito?"

Mwalimu akakohoa. "Chuoni. Nasomea shahada ya pili, jioni."

"Na kazi unayo."

"Ninayo."

"Basi andika ada yako hapo pembeni, tuone utaiweka safu ipi."

Basi likasimama mbele ya lango la chuo. Wote wawili walikuwa wanashuka hapo; darasa la fundi nalo lilikuwa humo humo. Mwalimu akampisha fundi atangulie, karatasi ile mkononi, kalamu nyekundu bado haijafunikwa.