Maandamano ya Wakil Amour

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Leo tunamkumbuka Wakil Amour, mtembeza watalii wa Mji Mkongwe, aliyetutoka ghafla tarehe kumi na saba Machi. Narudia: tarehe kumi na saba Machi. Ishikeni siku hiyo, kwani ndiyo iliyobeba kisa chote.

Kwa watu wa Ayalandi, hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Huvaa kijani, hupiga ngoma, huandamana mitaani. Miaka kadhaa nyuma, siku kama hiyo, Wakil alimkuta Bi Nuala, muuguzi mstaafu wa huko, amekaa peke yake barazani mtaa wa Kiponda, skafu ya kijani shingoni, macho yamemwiva kwa kulia. Ilikuwa sikukuu yake ya kwanza tangu kufiwa na mumewe. Wakil alikwenda sokoni Darajani, akarejea na kapu la ndizi mbichi, ndimu na kisamvu.

"Kijani chetu ndicho hiki, Bi Nuala. Twende nyumbani, mke wangu Mwanamwema atatupikia."

Tangu hapo Bi Nuala alirudi kila mwaka. Haroub, mdogo wake Wakil, hakuacha kumtania kaka yake.

"Kaka, ushakuwa wa Ayalandi wewe. Zimebaki ndevu nyekundu tu!"

"Hina ipo," Wakil humjibu.

Miaka ya karibuni sikukuu iliangukia Ramadhani, wakaishia kufuturu pamoja. Mwaka huu Ramadhani ilikwishapita, na Wakil akatoa ahadi: "Safari hii tutaandamana, Bi Nuala. Kiponda nzima itatoka."

Siku ilipofika, baada ya sala ya alfajiri, Wakil alianguka ukumbini mwake. Hakuinuka tena. Haroub alipiga simu Kendwa, hoteli aliyofikia Bi Nuala. Akaambiwa mgeni ameshaondoka.

Bi Nuala aliingia mjini mchana, kijani kuanzia kofia hadi viatu. Kwenye kona ya uchochoro, karibu na nyumba ya Wakil, akaona umati wa wanaume unakuja. Sauti zao zilipanda na kushuka pamoja. Mabegani walipokezana kitu kilichofunikwa kitambaa cha kijani. Wakil katimiza ahadi! Akapiga makofi, akaita kwa nguvu, "Wakil! Wakil!"

Sauti zikakatika. Haroub akatoka kundini, uso umemsawijika.

"Bi Nuala," akasema, "Wakil ndiye huyu."

Wasikilizaji wapendwa, mikono ile ilibaki hewani. Jeneza likapita. Bi Nuala aliganda ukutani, hajui alie au akimbie. Ameyapigia makofi mazishi ya mtu aliyemfuta machozi! Nyumba ile itamfungulia tena mlango?

Alipofika, mlango ulikuwa wazi, wanawake wamejaa mkekani. Bi Mwanamwema, mjane wa Wakil, alimvuta karibu, akamtandazia kanga mabegani.

"Ni wewe uliyepiga makofi?"

Bi Nuala aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Nisamehe. Sikujua."

"Nlikusikia," Bi Mwanamwema akasema. "Nkasema alhamdulillahi, Wakil kapata maandamano yake."

Wakalia pamoja, wameshikana.

Kwa Bi Mwanamwema, kwa Haroub, kwa jamaa wote wa Kiponda, na kwa Bi Nuala, tunatoa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Wakil Amour. Nanyi mnaonisikiliza, mtazameni mgeni aliye peke yake barazani kwenu siku ya sikukuu yake. Ndizi mbichi bado zipo Darajani.