Mzee Masharti Anaondoka Kabla Gari Halijajaa

Ijumaa hii, saa ya chai ya asubuhi, mkuu wa Kitengo cha Dhamana anakabidhi funguo za ofisi yake baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Alikuwa astaafu mwishoni mwa mwaka, lakini uongozi, kwa huruma yake tunayoifahamu sote, umeona mzee amechoka na umemruhusu akapumzike mapema. Mwenyewe hakujua kama amechoka mpaka alipoambiwa. Mimi ninayekaa meza ya kupokea wateja, ukuta mmoja na ofisi yake, nimeombwa niandike wasifu mfupi, wa kuchangamsha, usiogusa mambo ya barazani. Kwa ufupi nitajitahidi, na kuchangamka tutachangamka. Hilo la tatu, tutaona huko mbele.

Alianza kazi hapa akiwa kijana mwembamba wa kuandika risiti stoo. Wakati huo tulikuwa tunauza majiko tu. Leo tunauza friji za mabucha, mashine za kusaga, jenereta na mashine za kufulia zenye ukubwa wa choo cha nje. Kampuni imekua, naye amekua nayo, na tumbo lake halikubaki nyuma.

Kwa faida ya wafanyakazi wapya, nieleze kidogo kazi iliyompa jina. Kila mashine inayotoka dukani kwetu inatoka na dhamana ya miaka miwili, na dhamana hiyo ni ya bure kabisa. Kinacholipiwa ni kuizuia isife. Mnunuzi analipia sevisi kila baada ya miezi mitatu, inayofanywa na fundi wetu, kwa oili yetu, kwa vipuri vyetu na kwa bei yetu. Akiruka sevisi moja, dhamana imekwenda na maji. Akimwita fundi wa mtaani, hata kama ni kaka yake wa tumbo moja, ameiua kwa mikono yake mwenyewe. Mashine ikiharibika hapo, mteja anaelekezwa kwa mzee wetu, naye anamweleza kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayetoa pole msibani, kwamba vigezo na masharti havikuzingatiwa. Wateja ndio waliomwita Mzee Masharti. Walidhani wanamtukana. Yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na babaye.

Ubunifu wake hauna mfano. Ile rangi nyekundu inayopakwa kwenye skrubu za kila mashine, ili ikipasuka tujue mteja amefungua, ni wazo lake. Mwanzoni hapakuwa na rangi maalumu, basi akachukua rangi ya kucha ya mkewe. Ikakubali. Mpaka leo tunainunua kwa katoni, na muuza vipodozi wa jirani anaamini kabisa kwamba nyuma ya stoo yetu kuna saluni. Rangi hiyo hupasuka yenyewe mashine ikitetemeka, na mashine zetu zote hutetemeka, lakini hilo ni jambo la kitaalamu lisilohitaji kumchosha mteja.

Mwenye mashine ya kusaga aliwahi kuja hapa akilalamika kwamba mashine imekufa siku moja baada ya sevisi. Mzee alikwenda mwenyewe kukagua. Akakuta sevisi ilifanyika vizuri, oili ipo, rangi haijapasuka, kila kitu sawa. Mtu mwingine angebabaika. Yeye alichota nafaka kiganjani, akainusa, akatikisa kichwa, akahitimisha kwamba kosa ni la nafaka. Mteja aliondoka akiomba radhi.

Lakini kilele cha kazi yake ni mpango ambao sisi wa ndani tunauita Gari Lijae. Zamani mteja akilipia sevisi, fundi alikuwa anakwenda. Mzee aliona huo ni ufujaji wa petroli. Akapanga kwamba gari la mafundi lisitoke mpaka wapatikane wateja watano wa njia moja. Ukilipa leo, na wa njia yako hawajatimia, unasubiri. Tarehe ya sevisi ikikupita ukiwa unasubiri, basi sevisi haijafanyika kwa wakati, na isipofanyika kwa wakati mnajua kinachofuata. Wateja walilipa na kukosa vyote viwili, fundi na dhamana. Mwaka ule uongozi ulimpa cheti cha mfanyakazi bora na saa ya ukutani. Mimi nilipewa matusi, maana wateja wakitoka kwake wanapitia kwangu.

Sasa nifike pale nilipoombwa nisifike.

Mama mkwe wake ni dobi. Amefua nguo za watu kwa mikono tangu binti yake, mke wa mzee wetu, yuko mgongoni, na kwa ndoo hizohizo akamsomesha. Mgongo ulipoanza kumkataa, mkwe wake alimshauri anunue mashine yetu kubwa ya kufulia. Alimchagulia mwenyewe, akamsomea masharti yote, kila herufi, hata zile ndogo. Kwa mashine hiyo mama akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, akaajiri wanawake wa mtaani kwake ambao hawakuwa na pengine pa kushika. Hospitali ilimpa neno moja tu, kwamba mashuka safi yafike kila asubuhi, na siku yasipofika kazi anapewa mwingine.

Mama huyu alikuwa analipia sevisi kabla ya tarehe. Hakutaka mtu aseme anabebwa na mkwe. Alipolipia ya tatu, gari halikujaa. Njia ya kwake ilikuwa na mashine moja tu, ya kwake. Alipiga simu, nikaipokea mimi, nikapeleka ujumbe ofisini kwa mzee, nikajibiwa kwamba utaratibu ni utaratibu. Mashine ikaanza kunguruma, kisha kusaga meno, na asubuhi moja beringi ikavunjika. Pipa likasimama limejaa maji, mlango umejifunga, na mashuka ya hospitali yamo ndani.

Alikuja hapa na khanga yake imelowa mpaka magotini. Hakuuliza mkwe wake yuko wapi. Alikaa kwenye benchi pamoja na wengine na kusubiri zamu yake. Mzee alitoka ofisini, akamwona, akamwamkia shikamoo huku macho yake yakiwa sakafuni kama mkwe yeyote mwenye adabu, kisha kwa macho hayohayo ya sakafuni akamwambia dhamana yake imekoma kwa sababu sevisi ya tatu haikufanyika. Mama akaitikia marahaba. 

Nilimfuata ofisini, nikamwambia yaliyonijaa kifuani, na mengine siyaandiki hapa kwa sababu wasifu huu utasomwa na watoto. Alinijibu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na kwamba akimfungulia mlango mama mkwe, itambidi awafungulie wote. Maneno mazuri sana. Yangekuwa mazuri zaidi kama mlango huo asingekuwa ameufunga yeye.

Mama akapeleka malalamiko kwenye baraza la wanunuzi. Mke wa mzee hakugombana na mtu. Alichukua beseni lake, akaenda kwa mama yake kufua. Hospitali ilikubali kuvumilia hadi mwisho wa mwezi, na mwezi mzima wanawake wale walifua mashuka kwa mikono, mashuka yenye damu na dawa, tangu alfajiri, mpaka sabuni ikawachubua vidole. Ilikuwa wazi kwamba hawatamudu mwezi wa pili. Nilikwenda kuwaona Jumapili moja. Nilirudi nina hasira ambayo haijaisha hadi leo, na ndiyo inayoandika.

Siku ya baraza tulikuwa kwenye chumba kidogo chenye feni iliyokatika panga moja. Mwanasheria wetu alikuwa amejiandaa vizuri. Sevisi haikufanyika, sharti halikutimizwa, kesi imekwisha, twendeni tukale. Kazi ya mzee ilikuwa kusema ndiyo mara moja tu. Akaulizwa kama sevisi ya tatu ilifanyika, akajibu haikufanyika. Mwanasheria akaanza kufunga mkoba. Ndipo mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mwenye miwani puani, akauliza kwa utulivu kwamba kama haikufanyika, aliyetakiwa kuifanya ni nani.

 Mbele ya mzee alikaa mama mkwe, na mkwe hawezi kumtazama mkwewe usoni, kwa hiyo alitazama chini kama kawaida yake, na huko chini akakuta mikono ya mama imelala mapajani, imechubuka, vidole vimefungwa vitambaa. Aliitazama kwa muda mrefu. Mwanasheria alikohoa.

“Mama alilipa kabla ya tarehe,” alisema. “Sisi ndio hatukwenda. Na hatukwenda kwa sababu mimi nilipanga tusiende.”

Kisha akaeleza yote. Akaeleza Gari Lijae tangu lilipoanza, akaeleza skrubu, akaeleza rangi ya kucha. Uongozi baadaye ulisema amemwaga mtama kwenye kuku wengi. Ni kweli, na kuku walikuwa na njaa siku nyingi.

Uamuzi wa baraza nauandika hapa kwa lugha ya kawaida, maana nakala iliyobandikwa ubaoni kwetu iling'olewa na mtu asiyejulikana mwenye ufunguo wa ofisi ya mkurugenzi. Muuzaji hawezi kuchelewesha sevisi aliyokwisha kulipwa, kisha akajinufaisha kwa kuchelewa kwake. Pili, mashine iliyouzwa kwa ajili ya kufua inapaswa kufua kwa muda wa kuridhisha, iwe imelipiwa sevisi au haikulipiwa, na haki hiyo ya mnunuzi haiondolewi na maandishi, yawe makubwa au madogo. Tukaamriwa tumpe mama mashine mpya pamoja na fidia. Na wengine wote walionyimwa dhamana kwa sababu ya gari letu wakaruhusiwa kudai, mradi wafike ndani ya muda uliotangazwa.

Mashine mpya ilipelekwa siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Mashuka yakafika hospitali, kazi ikabaki kwa mama, na wanawake wale bado wako naye. Vidole vinapona.

Baada ya uamuzi, pale kwenye korido, mzee alisimama peke yake. Wa kampuni walimpita kama mgonjwa wa kuambukiza. Mama mkwe alimkaribia, na sote tukadhani sasa atamwambia lake. Alimuuliza kama amekula. Mzee wetu, ambaye kwa miaka ishirini na tisa aliona watu wazima wakilia mbele ya meza yake na akawapa kalamu wasaini, aliugeukia ukuta akalia mabega yakitikisika. Nami nililia, na sioni aibu. Jioni ile mkewe alirudi nyumbani na beseni lake.

Wiki iliyofuata uongozi ukagundua kwamba amechoka. Akaondolewa majukumu, akaachiwa ofisi, kiti na simu. Kosa lao ni ile simu. Tangu siku hiyo hadi jana jioni amekuwa akiwapigia wateja wote aliowakatalia kwa ajili ya gari, mmoja baada ya mwingine, kwa ile sauti yake ya msibani, akiwaambia kwamba alikosea, kwamba wana haki, waende wapi na waseme nini, na wasichelewe. Wengine walimkatia simu. Wengine walimtukana kwanza ndipo wakasikiliza. Alivumilia, akapiga tena. Uongozi umesisitiza kwamba simu hizi zisiwekwe kwenye orodha ya mafanikio yake. Nimetii. Nimeziweka kwenye aya ya peke yake.

Wageni waalikwa mnaombwa kutumia mlango wa nyuma, kwani geti la mbele halipitiki. Wale mnaowaona pale si wageni wa sherehe. Ni wateja, na leo ni siku ya mwisho ya kudai. Wamekuja na friji kwenye mikokoteni, jenereta migongoni, na mmoja ameleta pipa la mashine peke yake. Mkurugenzi amewaomba watawanyike, wakamuuliza kama ana maandishi.

Mzee wetu, hatukushukuru kwa ile miaka ishirini na tisa, maana tungekuwa wanafiki, na wewe umekwisha kutuonyesha kwamba unafiki una mwisho wake. Tunakushukuru kwa ile asubuhi moja, na kwa simu. Kuhusu hao walioko getini, nisikufiche. Wamo waliokuja kukushika mkono, na wamo waliokuja kukushika shati, nao wamepanga foleni moja. Kata keki, kula, unywe na chai, kisha toka ukawasikilize wote. Mungu akujalie afya njema na umri mrefu, wa kutosha kuimaliza foleni hiyo.