Saba Mara Nane kwa Merenge

Mkutano wa wazazi ni saa tisa, na Eladio hajatulia tangu asubuhi. Hapo kwenye benchi nje ya duka la Bi Mireya, mjini Baní, anakaa, anasimama, anakaa tena, kete za dhumna mkononi na hachezi. Wazazi wanataka Mwalimu Nereida aondolewe, eti anawafundisha watoto wa darasa la tatu kuzidisha kwa kupiga mdundo wa merenge, ngoma ya dansi, juu ya madawati. Eladio ndiye mwenyekiti wao, neno lake ndilo la mwisho. Na mjukuu wake Yokasta, wa darasa hilo hilo, aliyekuwa akijificha chini ya kitanda kila asubuhi ya shule, siku hizi anaamka kabla ya jogoo.

— Kaa basi, swahiba, unanitia kizunguzungu! — alifoka Kiberiti, ambaye jina hilo hakupewa bure. — Sisi tulikaa kimya, tukachapwa rula, tukajua.

— Tulijua nini?

— Tulijua kukaa kimya! Leo wanapiga madawati, kesho mtihani wataufanya wanakata viuno.

Profesa, aliyeishia darasa la nne lakini hakuna asilolijua, akaibamiza kete yake mezani, pwaa!

— Tatizo ni ubongo, jamani. Ukimtikisa mtoto, hesabu zinateremka. Ndiyo maana wacheza dansi husahau njia ya nyumbani.

— Kwa hiyo za Yokasta ziko wapi? — Eladio akauliza kwa ukali.

— Kwa sasa? Zimefika magotini.

Benchi zima likaangua kicheko, kasoro Eladio. Akimtetea yule mwalimu, hawa watamcheka mpaka Krismasi. Akinyamaza, mtoto anarudi chini ya kitanda. Kahawa ilishapoa, akainywa hivyo hivyo.

Ndipo akatokea Chea, muuza kashata, jasho linamtiririka.

— Shikamooni wazee wangu. Hebu nisaidieni, Bi Mireya ananisubiri. Nimeleta masinia saba, kila sinia kashata nane. Zote ngapi?

— Arobaini na... ngoja kwanza — akasema Kiberiti, akikunja vidole.

— Inategemea — akasema Profesa.

— Inategemea nini, mzee wangu?

Profesa akaanza kuzipanga kete zake upya.

Vidole vya Eladio vikaanza vyenyewe kugonga goti, mdundo ule ule wa merenge anaousikia nyuma ya ukuta kila jioni, Yokasta akiimba saba mara nane juu yake.

— Hamsini na sita.

— Haa! Umezitoa wapi? — Kiberiti akaruka.

Eladio akavaa kofia, akashika njia ya shuleni.

— Magotini.