Mama Taratibu na Jumamosi Kumi za Albamu Yake

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake, anayewasomea wasifu huu, ambaye marehemu alimbeba mgongoni mpaka miguu ikaburuzika chini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965. Kwenye kwaya mwalimu alimweka nyuma kabisa, mlangoni, kwa sababu sauti yake ilikuwa ikiwafunika wenzake.

Kisha aliingia kiwanda cha sare, akashona kola miaka kumi na tisa, na mwisho wa wiki akaimba na bendi hotelini. Watu walitaka kucheza. Yeye alitaka wasikilize. Bendi ikikolea, aligeuka: "Jamani, taratibu, hatufukuzwi." Jina likamganda.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na fundi redio, mtu wa maneno machache. Alipoulizwa amempendea nini, alijibu, "Nikiimba ananyamaza. Nyie wote mnatafuna." Walijaliwa watoto wawili. Mumewe alitangulia mwaka 2009.

Januari 2019 sauti ilianza kukwaruza. Daktari aliona uvimbe kooni, akataka kumpasua mwezi huo huo, na akasema wazi kwamba hataimba tena. Ndiyo kwanza marehemu alikuwa amepata alichokitamani maisha yake yote: albamu ya nyimbo kumi za mapenzi, za polepole, yeye mbele na okestra ya watu arobaini nyuma yake. Wapiga fidla wengi walikuwa walimu, hawapatikani ila Jumamosi. Jumamosi moja, wimbo mmoja. Akaomba aachiwe Jumamosi kumi.

Mdogo wake alikuja juu. "Sauti haikupikii wala haikufulii. Nenda kapasuliwe."

"Nikipasuliwa utaongea peke yako hadi uzeeni, huna wa kukujibu. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Mwongo wewe."

Ndipo mdogo wake akamtupia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Neno hilo alitamani kulirudisha kabla halijafika. Liko naye mpaka leo.

Hata hivyo alimsindikiza studio kila Jumamosi, na chupa ya maji ya moto. Mwongozaji wa okestra alilalamika kwamba Mama hakiangalii kijiti chake cha kuongozea. "Mwanangu, waongoze hao. Mimi nakwenda kwa pumzi, na pumzi yenyewe ndiyo hii." Tangu hapo wote arobaini walimtazama mabega. Yakipanda, wanaanza.

Jumamosi ya kumi, tarehe 30 Machi, mabega yalipanda, fidla zikaanza, sauti haikutoka. Okestra haikusimama. Walipiga wimbo hadi mwisho, naye amesimama mbele ya maikrofoni, midomo ikitamka kila neno. Mwongozaji alipopendekeza atafutwe mwimbaji mwingine, marehemu aliomba kalamu, akaandika: "Uacheni hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipofika."

Alipasuliwa tarehe 3 Aprili, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatambaa. Daktari alianza kusema kwamba laiti Januari. Mdogo wake akamwomba asimalize. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, saa nne asubuhi, kwenye kitanda cha dirishani, ameshikwa mkono na mdogo wake aliyekuwa akimwongelesha tangu alfajiri.

Ameacha watoto wawili, muuguzi na dereva; wajukuu watano; mdogo wake mmoja; na albamu yenye nyimbo tisa zilizoimbwa na mmoja usioimbwa. Jeneza likishuka utapigwa huo wa kumi. Mdogo wake anayajua maneno yote, maana yalifanyiwa mazoezi jikoni kwake, lakini atafunga mdomo. Nanyi tunawaomba msimsaidie marehemu kuimba. Nafasi ile ni yake.

Apumzike kwa amani, na sisi tuliobishana naye tupewe subira.