Mimi Pia Niandikieni Faini

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Bwana asifiwe kwanza, halafu nirudie: mimi si mtu wa kushangazwa! Nimekulia Ngara, Tanzania, uhamishoni, nikichunga mbuzi za watu. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Niliingia Kigali na mwiko mmoja wa kujengea na shati nililovaa. Leo ukipita Kinyinya ukaona yale maghorofa yenye vigae vyekundu kule juu mlimani, usiulize ni ya nani. Uliza nani aliyajenga. Ni mimi, Gasana!

Nimeona tajiri akifilisiwa asubuhi na kuomba kazi ya kubeba matofali jioni. Nimeona bwana harusi akikimbia kanisani. Nikadhani nimemaliza kuona. Kumbe nilikuwa sijaona bado jinsi watu wanavyokufuta ukiwa hai, unapumua, umekaa hapo hapo mbele yao!

Nilianguka kazini. Nilipanda jukwaa kukagua lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ubao ukavunjika. Mungu sikumlaumu. Mimi ni fundi, najua ubao uliooza unafanya nini. Mgongo ukaumia, miguu ikakataa. Nikarudishwa nyumbani kwangu Batsinda nikiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Nyumba yangu iko chini ya barabara. Kutoka mlangoni kwenda juu ni ngazi za saruji, kali, na pembeni kuna mtaro. Nilizijenga mwenyewe na mpaka leo hazina hata ufa! Lakini kiti hakipandi ngazi, hata zikijengwa na Gasana. Basi nikawa mtu wa sebuleni. Mlango uko wazi, barabara naiona, sauti za watu nazisikia, na sifiki.

Mkaja kunitembelea. Ndugu zangu, mlikuja wengi, na kwa sukari na juisi nawashukuru. Lakini leo mtanisikiliza! Mlikaa kwenye viti vyangu, mkamgeukia mke wangu. "Mama Aline, anakula?" "Analala vizuri?" "Uji anaupenda?" Na mimi niko hapo hapo! Nimeumia mgongo, sikuumia masikio! Siku moja nikajibu mwenyewe, "Anapenda nyama choma, na anawasikia." Mmoja wenu, na yuko humu kanisani, akamwambia mke wangu kwa furaha: "Afadhali, leo ameongea!"

Zamani niliitwa Bosi. Nikawa "masikini Gasana". Jirani akaozesha mtoto, kamati ya harusi ikakaa hatua chache kutoka kwangu, na hakuna aliyekuja kuniomba mchango. Mimi, ambaye mchango wangu ulikuwa unasomwa wa kwanza ili wengine waone aibu! Eti walinihurumia. Nani aliwatuma kunihurumia? Ukitaka kummaliza mwanaume wa Kigali, usimpige. Acha tu kumwomba mchango.

Niliomba nipate miguu. Nilifunga. Mtumishi mmoja aliletwa kutoka mbali, akaniwekea mkono kichwani, akaniamuru nisimame. Nikajaribu, nikaanguka kifudifudi kwenye zulia. Akatangaza mbele ya watoto wangu kwamba imani yangu ni ndogo. Ndogo! Mtu aliyemjengea mteja mpaka kwenye paa kabla ya kulipwa hata faranga, ndiye mwenye imani ndogo?

Basi nikawa nimekasirika. Nilimkasirikia mke wangu, nikaukasirikia uji, nikakasirikia redio. Ndipo akaja Mama Devota.

Mama Devota ni mmoja wa wale wa kujitolea wanaotembelea wazee na watu wenye ulemavu mtaani kwetu. Yeye mwenyewe anatembea na gongo tangu utoto, lakini mdomo wake hauhitaji gongo lolote. Aliingia, hakumgeukia mke wangu. Alinitazama mimi usoni.

"Wewe ndiye yule Gasana wa kujisifu?"

"Ndiye."

"Mbona nyumba kimya hivi? Mtu akikaa na wewe saa nzima bila kusikia habari za Kinyinya, si atadhani amekosea mlango?"

Ndugu zangu, nilicheka! Tangu nianguke nilikuwa sijacheka.

Akaniambia kila Jumatano kuna kikundi kwenye ukumbi wa mtaa. Wazee wananyoosha viungo, wanapimwa presha, wanasuka vikapu, wanapiga soga. Nikamuuliza kama amekuja kunidharau, mimi nikae na vikongwe nisuke vikapu! Akaniuliza kama Jumatano nina kazi nyingine. Sikuwa nayo.

"Na kupanda huko juu nitapandaje?"

Akatoka mlangoni, akaziangalia ngazi. "Aa. Kumbe mko wawili. Wewe na Mukecuru Venansia."

Mukecuru Venansia ni bibi kizee wa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na sisi. Mtaa mzima tulidhani alihamia kwa mwanawe Rwamagana. Hakwenda popote! Alikuwa ndani, nyuma ya mlango wake, kwa sababu ya magoti na ngazi zile zile. Watu tunasali naye kanisa moja, na hakuna aliyeuliza!

Mama Devota akaenda kuomba tutengenezewe njia. Ofisi ya serikali ikamjibu asubiri bajeti. Akamwendea mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa wetu, Emanueli, amwombe umuganda ufanye kazi hiyo. Umuganda wote mnaujua, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Emanueli akasema umuganda ni wa mambo ya wote, si wa mlango wa mtu mmoja. Ila kwa huruma yake atatafuta vijana wa kunibeba siku nikitaka kutoka. Kunibeba! Mimi ni mfuko wa saruji?

Jumamosi ya umuganda ikafika. Nikamwambia mke wangu anivalishe buti za kazi. Akaniona nimechanganyikiwa, lakini akanivalisha. Nikakaa mlangoni na mwiko wangu mkononi, nasikiliza majembe yakigonga huko juu, na watu wakitaniana. Hakuna aliyeniita. Walipomaliza na kufanya mkutano wao, Emanueli akashuka kupita mlango kwa mlango akitoza faini waliokosa kuja. Mama Devota alikuwa amekuja kunisalimia, amekaa kwenye ngazi. Emanueli akamtoza jirani yangu Kazungu. Halafu akapita mlango wangu kama anapita ukuta.

"Emanueli! Mbona unaniruka?"

"Oya, muzee, wewe faini haikuhusu. Wewe ni mgonjwa."

"Ninaumwa nini?"

Akaangalia miguu yangu, akamwangalia mke wangu. "Mama Aline, mwambie muzee apumzike."

"Niambie mimi! Niko hapa!"

"Muzee, sheria imekuondolea umuganda. Ni kukuheshimu."

"Heshima hiyo siitaki. Kazungu alikuwa kitandani na bia za jana, umemtoza. Mimi nilikuwa macho, nimevaa buti, nimeshika mwiko. Kati yetu nani alitaka kufanya kazi?"

Kazungu akapaza sauti kutoka kwake: "Bosi Gasana, kama pesa zinakuwasha, lipa na yangu!"

"Nyamaza wewe, mlevi! Emanueli, niulize kwa nini sikuja."

Watu walianza kukusanyika juu barabarani. Mke wangu alijifunika uso kwa kitenge. Emanueli akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukuja, muzee?"

"Kwa sababu barabara yenu haifiki kwangu! Sasa chagua. Niandikie faini kama Kazungu, na mwezi ujao nije kama Kazungu, na njia ya kunileta muitengeneze kwa sababu mnanidai kazi. Au andika hapa kwamba Gasana si mtu wa mudugudu huu, uweke sahihi, nikaibandike kanisani."

Mama Devota alicheka mpaka gongo likamtoka mkononi. "Emanueli, mwandikie huyo! Na ukumbuke, Venansia hawezi kushika jembe, lakini mkutano wa baada ya kazi ni wake pia. Amekaa ndani hajaulizwa neno."

Emanueli akatoa kalamu. Akaandika jina langu. Nikatoa pesa mfukoni mwangu kwa mkono wangu, naye akapokea, akanipa risiti.

Hapo, ndugu zangu, ndipo Bwana aliponipitia! Nililia. Mimi Gasana, ambaye sikulia nikianguka, nililia kwa kutozwa faini, na mke wangu akalia na mimi. Maana nilikuwa nimeandikwa tena kati ya watu. Nilikuwa nadaiwa!

Umuganda uliofuata walishuka wote kwangu. Tuliziacha mbali zile ngazi, tukaizungusha njia kandokando ya mtaro, mteremko wa polepole, ipite mlangoni kwa Mukecuru Venansia kabla ya kufika barabarani. Niliisimamia mimi! Walikuwa wanachanganya zege kama uji wa mtoto, nikawafokea mpaka sauti ikakauka. Kazungu akabeba mchanga akilalamika, "Leo mgonjwa anatuua!" Nikamwambia mgonjwa ni yeye, koleo linamshinda. Emanueli mwenyewe alilainisha ukingo, na nikamfanya aurudie. Mchana wote nilikuwa Bosi.

Zege lilipokauka nilipanda kwa mikono yangu hii, nikisukuma magurudumu, hakuna aliyenigusa. Mukecuru Venansia akatoka na fimbo yake, ameshikwa na mkwe wake. Alipofika juu akasimama, akatazama ng'ambo ya barabara. "Hilo ghorofa limejengwa lini?" Hakuwahi kuliona! Nikamwambia limejengwa vibaya, si langu.

Jumatano tulikwenda wote wawili. Sasa kikundi kile nakiongoza mimi, na vikapu vyangu ni vibaya kuliko vya wote.

Miguu haikurudi. Msije mkasema huu si ushuhuda kwa sababu sikusimama! Bwana alinitoa kwenye kaburi lenye viti vya sofa. Na leo, ili niongee hapa, mmenibeba wanaume wanne kunipandisha ngazi za kanisa hili. Sikushukuru, na sitashukuru! Mmenunua vipaza sauti vipya na mapazia mapya, mnaimba kwamba wote wanakaribishwa, na mlango wenu una ngazi. Mwezi ujao nakuja na mwiko.

Na wewe uliyewekwa chumba cha nyuma, unayeulizwa habari zako kupitia kwa mtu mwingine, mwamini Bwana. Hajakufuta. Mwamini, halafu kaa mlangoni upige kelele mpaka wakuandike.

Watu wananiuliza ukombozi huu umenigharimu kiasi gani. Hospitali siihesabu, ile ilikuwa ya mgongo. Yule mtumishi wa zulia simhesabu kabisa. Saruji ilikuwa mabaki ya kazi zangu, mchanga wa majirani, mikono ya mtaa mzima. Nilicholipa ni faini ya umuganda, ile ile aliyolipa Kazungu mwenye miguu miwili mizima: faranga elfu tano.