Mzee Jalada Anaomba Ngazi

Benchi letu liko mkabala na ofisi ya kumbukumbu za serikali. Dirisha la masjala linatutazama usoni, na kama si barabara iliyo katikati, tungeshaandikishwa kuwa watumishi. Tuko wanne wa kudumu. Kuna Wembe, kinyozi, ambaye akikosa kichwa cha kunyoa hutafuta cha kubishana nacho. Kuna Spoku, fundi baiskeli, mwenye grisi mpaka viwikoni. Kuna Mwalimu Koma, mstaafu aliyefundisha lugha miaka mingi na ambaye hadi leo anasahihisha mabango ya mtaani kwa chaki. Na mimi, ninayeuza magazeti na kuyasoma kabla sijayauza. Kahawa ni ya Mama Kahawa, na ukali pia ni wake. Leo asubuhi tulikuwa tunabishana juu ya jambo jingine kabisa, hata silikumbuki, alipovuka barabara Mzee Jalada, karani wa masjala, mkononi ana fomu, usoni ana msiba.

— Wamenirudishia tena, akasema, akajipenyeza katikati yetu bila kuomba nafasi.

— Wamerudisha nini, mzee wangu? Wembe akauliza.

— Ngazi.

Akatueleza. Masjala ina rafu saba. Akisimama kwenye kiti anafikia ya tano. Faili lake mwenyewe, lenye barua ya kuajiriwa, liko rafu ya saba, na mwisho wa mwezi huu anatakiwa astaafu. Bila ile barua, hakuna kustaafu.

— Mke wangu kafunga mizigo tangu juzi, akasema. Binti yetu kajifungua, mjukuu wetu wa kwanza, tunahamia kwake. Hata uso sijauona. Mtoto anajifunza kucheka huko, mimi niko hapa nasubiri ngazi!

— Ni mwendawazimu gani aliliweka faili huko juu? Spoku akauliza.

— Mimi. Nilikuwa kijana, na ofisi ilikuwa na ngazi.

— Ikaenda wapi?

— Mchwa.

— Si uazime? Mafundi rangi wamejaa mtaa mzima.

— Kifaa kisicho na namba ya serikali hakivuki mlango wa masjala. Na cha kuazima hakipewi namba.

Akaikunjua fomu juu ya goti. Sehemu ya tatu ilisema: "Eleza kwa nini kifaa kinahitajika." Mara ya kwanza mwaka huu, Mzee Jalada alikuwa ameandika: "Naomba ngazi ya kunifikisha juu." Makao makuu hawakuchelewa kujibu chini yake.

— Nisomee, Mwalimu, macho yangu yamechoka na haya mambo.

Mwalimu Koma akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani:

— "Maombi ya kupandishwa ngazi yapelekwe idara ya utumishi. Aidha, unakumbushwa kwamba umekaribia kustaafu, na tamaa si nzuri."

Wembe alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Kikombe changu hicho! Mama Kahawa akafoka. Ukikivunja utakunywea kwenye mkebe wako wa sabuni.

— Basi mara ya pili nikawa mjanja, Mzee Jalada akaendelea. Nikasema neno ngazi silitaji kabisa. Nikaandika "kifaa cha kupandia".

— Safi! Spoku akasema.

— Safi gani? Wamejibu: "Taja zao, ukubwa wa shamba na msimu wa mvua." Tena wameniletea jembe. Liko mezani kwangu sasa hivi, lina namba ya serikali.

Hapo hata Mama Kahawa aliweka birika chini, akashika mbavu. Mzee Jalada peke yake ndiye hakucheka. Alisema maombi ya mwaka yanafungwa leo saa sita, na akikosa leo, ni mwaka mwingine mzima wa kuwa karani.

— Kosa ni la lugha, Mwalimu Koma akatangaza, na kalamu akaichukua. Serikali haisomi maneno mafupi. Naandika hivi: "nyenzo wima, koma, ya kumwezesha mtumishi kufikia viwango vya juu."

— Watamletea mtoa semina, nikasema.

— Tena semina ya siku tatu, Wembe akaongeza.

— Achaneni na maneno, Spoku akampokonya Mwalimu kalamu. Picha haina tafsiri mbili. Mchoreeni.

Akachora mistari miwili mirefu pembeni mwa fomu, akaifungia vijistari vingi katikati. Tukainama wote kutazama.

— Hiyo reli, Wembe akasema.

— Reli wapi? Ngazi hiyo!

— Geuza fomu. Unaona? Reli. Watakujengea reli ndani ya masjala. Mzee, unataka treni?

— Inakwenda kwa mjukuu? Mzee Jalada akauliza, na hapo akacheka kwa mara ya kwanza, huku anafuta macho.

Wembe akaona zamu yake imefika. Akasimama, maana Wembe hawezi kufikiri akiwa amekaa, akagonga sehemu ya nne ya fomu kwa kidole. Iliandikwa: "Taifa litapata hasara gani kifaa kisiponunuliwa?"

— Watisheni hapa! Andika: ngazi isipokuja, mafaili ya rafu ya saba hayashuki. Faili lisiposhuka, mwenye faili hajulikani. Asiyejulikana hayupo. Mzee, rafu ya saba ina watu wangapi?

— Kama elfu mbili.

— Watu elfu mbili hawapo!

— Lakini mimi nipo.

— Una ushahidi?

Mzee Jalada akajipapasa kifua, akapata kitambaa na peremende mbili.

— Mkurugenzi mkuu je, faili lake liko rafu gani? Wembe akamuuliza.

— Ya saba pia.

— Basi hayupo! Na kama mkurugenzi hayupo, nani kasaini kukukatalia? Hakuna! Hujakataliwa, mzee!

— Kama hajakataliwa, amekubaliwa, Spoku akarukia.

— Kama amekubaliwa, ngazi ipo, Mwalimu Koma akasema polepole, na ninaapa aliamini. Ila haionekani tu.

Tukapiga makofi. Tukapeana mikono kana kwamba tumeijenga wenyewe.

— Kama ipo, aipande basi! Mama Kahawa akasema. Saa tano na nusu hiyo.

Furaha ikatuishia ghafla. Ndipo tukamwona dada mmoja, begi begani na barua mkononi, kasimama mbele ya benchi. Sijui alikuwa ametusikiliza tangu wapi.

— Shikamooni. Namtafuta karani wa masjala. Nimepangiwa kuja kumpokea ofisi.

— Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi, Mzee Jalada akajibu. Ofisi nakupa kwa moyo mweupe, lakini mwenyewe sijaruhusiwa kuondoka.

Tukamweleza sote kwa pamoja, tukianzia mchwa mpaka treni. Alisikiliza bila kutukatiza, akaligeukia dirisha la masjala.

— Na rafu za chini, hizo mnazofikia kwa mkono, zimejaa nini?

Mzee Jalada akatazama ndani ya kikombe chake.

— Maombi.

— Maombi gani, baba?

— Ya ngazi. Tangu mchwa walipoila ile ya zamani. Kila ombi lina nakala nne, na nakala hazitupwi.

— Yakipangwa pamoja, yanafika urefu gani?

Hakuna aliyejua. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kuuliza. Mzee Jalada aliinuka, fomu ikadondoka na reli yake, akavuka barabara kwa mwendo ambao sijawahi kuuona kwa mtumishi wa serikali. Dada akamfuata mbiombio.

Tulishuhudia yote kupitia dirishani. Dada anatoa mafungu, mzee anayapanga. Kisha mzee akaanza kupanda. Tuliona kichwa, baadaye kidogo tukaona tumbo, mwishowe tukaona viatu tu.

— Nimelipata! Jina langu hili hapa! Na barua imo!

Benchi zima likaruka. Wembe akamkumbatia Mwalimu Koma, mtu asiyependa kuguswa, na Mwalimu akakubali. Mimi nilifurahi mpaka nikarusha magazeti hewani, nikimwona yule mzee tayari kampakata mjukuu.

Kikasikika kishindo cha karatasi. Vumbi likatoka dirishani, dada akakohoa. Vumbi lilipotulia, viatu vilikuwa bado pale juu, vinapapasa mahali pa kukanyaga na kukosa.

— Jamani! Mzee Jalada akaita. Sasa ninashukaje?

Tukatazamana, wanne wazima, na Mama Kahawa wa tano.