Waya wa Breki

Sogeeni karibu, wanangu, kila mmoja akae mahali nitakapomwona, na mlango uacheni wazi hivyo hivyo ili nione uani mpaka stoo. Na wewe shemeji, usikae kizingitini kama mgeni, hamia kwenye kiti cha marehemu dada yako, maana nitakayoyasema leo ni yako kwanza kabla hayajawa ya wapwa zako. Pumzi yangu imebaki ya kupima kwa kijiko, kwa hiyo msinikatize.

Mambo mepesi niyaondoe njiani. Nyumba ni yenu nyote watatu, na atakayechoka na chumba chake awape ndugu zake, asimwingize mtu wa nje. Cherehani ya mama yenu ni ya binti yangu, aliyeichukua kabla hata sijaitoa, tusijifanye hatukuona. Benchi la useremala, randa na tupa zote ni za kifungua mimba. Kimebaki kitu kimoja, ule msumeno wa mnyororo, na huo ndio uliofanya niwaite, kwa sababu juzi mlidhani nimelala mkawa mnaugombania hapo sebuleni kana kwamba ni shamba.

Kifungua mimba ulisema ubaki, kwa kuwa mpya hatuuwezi na huu bado unawaka kwa mvuto wa tatu wa kamba. Dada yako akasema uuzwe kwa yeyote atakayeutaka, maana umeshaondoka na mguu wa mtu. Kitinda mimba akasema utundikwe ukutani uwe kumbukumbu ya baba, nikacheka kimoyomoyo, maana sijapata kuona picha ya ukutani inayovuja oili. Nilikusudia kuwaachia mwamue wenyewe. Lakini tangu jana alasiri nimeingiwa na hofu kubwa kuliko ile ya siku daktari aliponiambia habari yangu, na bado iko hapa kifuani.

Niliununua msumeno huo nikiwa kijana, nimechoshwa na ule wa mikono miwili ambao mimi na mjomba wenu tulikuwa tukivutana nao kutwa nzima, yeye huku, mimi kule, mpaka jioni hakuna anayeweza kuinua kikombe. Dukani ulikuwapo mzuri na ulikuwapo huu wa bei ya chini. Mwenye duka, mtu mkweli kuliko wengi wa kazi yake, aliniambia kwamba huu hauna ndugu, kifaa kikiharibika sitapata kingine mahali popote. Nikamwambia aufunge huo huo. Walioniambia rahisi ni ghali walikuwapo, nami niliwasikia vizuri. Hata hivyo sitautukana. Ulipasua mbao za paa hili lililo juu yenu, na kwa huo mlisoma. Mama yenu aliuita mke mwenza, kwa sababu kila jioni niliufuta vumbi kabla sijamuuliza yeye ameshindaje.

Sasa sikilizeni kuhusu breki. Mnakijua kile kikingio kilicho mbele ya mkono. Ncha ya msumeno ikigonga fundo la mti, mashine huruka kumrudia mtu, na hapo kikingio kikisukumwa mbele mnyororo husimama papo hapo. Mwaka wa pili springi yake ililegea, ikawa breki inajifunga yenyewe katikati ya gogo. Unaifungua, unakata kidogo, inajifunga tena, na mwenye mti amesimama pembeni anakutazama. Kifaa hakikupatikana, kama nilivyoambiwa. Nikachukua kipande cha waya, nikakifunga kikingio kwenye mpini kisiende popote, na kazi ikaenda. Nikajiona fundi wa mafundi.

Nyinyi mmekua mkisikia kwamba mjomba wenu alisogeza gogo kabla sijamaliza kukata. Ndivyo nilivyomwambia yeye, ndivyo nilivyomwambia dada yake, na yeye mwenyewe akaja kuamini, hata akawa ananiomba radhi mimi kwa kunitia simanzi. Shemeji, hukusogeza kitu. Ulikuwa umetulia, umelikumbatia gogo lako kama nilivyokuagiza. Ncha iligonga fundo, msumeno ukaruka, na mnyororo haukusimama kwa sababu breki niliifunga kwa waya.

Laiti ingekuwa hilo tu. Ulipoanguka ukaniita, mimi nilianza na waya. Nilikusikia ukiniita kwa jina langu la utotoni, nami nimekupa mgongo, nafungua waya kwa koleo, mikono inateleza, ili watu wakija wasiukute. Nilipoutia mfukoni ndipo nikavua shati nikaja kukufunga mguu. Daktari alisema damu ilikuwa imetoka nyingi mno, na kwamba ungefungwa mapema labda mguu wangeuokoa. Wewe ulidhani anailaumu njia mbovu ya kufika hospitali. Mimi nilijua dakika zile zilikwenda wapi, na nimeishi nazo nikila sahani moja na wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimenikuta hapa kitandani, siwezi hata kukugeuzia uso.

Binti yangu, nipe maji kidogo. Basi, yanatosha.

Baada ya miezi mitatu niliufunga waya ule tena. Ndiyo, tena, kwa sababu bila waya hakukuwa na kazi, na kila nilipouona mguu wa bandia wa mjomba wenu nilikaza mara moja zaidi. Nanyi mlikuwa mkinitazama. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, hilo nalijua, ila nilidhani mnajifunza mbao.

Jana alasiri, kifungua mimba, uliuwasha uani kuujaribu. Nimelala hapa nausikiliza, nasubiri ukatike, maana ndani ya mti haufikishi hesabu ya thelathini bila breki kujifunga. Nikahesabu thelathini. Nikahesabu sitini. Nikafika mia mbili na unanguruma moja kwa moja, na mdogo wako anacheka huku amekushikia gogo. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Nimewahi kulala peke yangu msituni bila kuogopa, lakini jana niliogopa mpaka nikalowesha shuka, na dada yenu akadhani ni homa.

Asubuhi nilimtuma akautazame msumeno, akarudi akasema hauna waya wowote. Hapo ndipo hofu iliponimaliza. Kufunga ungeweza kujifunza popote. Lakini kufungua na kuficha, mwanangu, hilo umelitoa kwangu, wala sijui uliniona lini. Na kesho mmeitwa kuukata ule mti uliolalia ukuta wa kiwanda, wewe ukate na mdogo wako ashike. Inua uso, sikukasirikii. Nakuogopea tu.

Basi msumeno huu hautabaki, kwa kuwa breki yake haina dawa, na yeyote atakayeushika ataufunga waya hata kama ameapa mbele yangu. Hautauzwa, maana mnunuzi naye ana shemeji yake. Wala hautatundikwa ukutani, kwa sababu siku mkikosa unga mtauteremsha. Uvunjwe leo, mchana huu huu, nikiwa nasikia. Mafuta yamwageni kwenye debe, kisha pigeni injini kwa nyundo kubwa mpaka hata mnunuzi wa vyuma chakavu asijue ilikuwa nini. Mwenye mti mwambieni atafute watu wengine, na akiwaita waoga, itikieni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ule msumeno wa mikono miwili uko nyuma ya mlango wa stoo, unahitaji kunolewa tu, na nyinyi mko wawili.

Sasa, kifungua mimba, toa waya. Uko mfukoni, najua, mfuko wa kulia, na mimi niliuweka humo humo. Uweke hapa kiganjani mwangu. Eh. Umeukunja kama nilivyokuwa nikiukunja.

Shemeji, mbona umesimama? Sikuombi unisamehe, sina muda wa kustahili hilo, nilitaka tu ujue kwamba gogo hukulisogeza. Sema neno. Anakwenda wapi? Mfuateni. Hapana, mwacheni. Fimbo yake ameiacha hapa kitini, atafikaje? Macho yangu hayafiki uani tena, binti yangu, niambie wewe. Ameingia stoo? Ametoka na nini?

Msumeno, na nyundo anayo. Basi kaeni. Msimsaidie, hata akiyumba. Ana haki nao kuliko sisi sote.

Hiyo ya kwanza. Mmeisikia?

Waya huu msiutupe. Upigilieni msumari juu ya mlango wa stoo, ili kila atakayetoka na chombo cha kazi auone kwanza. Mashine itupeni, waya uwekeni. Na wajukuu wakiuliza waambieni yote, hata lile la mgongo, msinipambe.

Inameni niwashike vichwa, sauti inaniishia. Mungu awape mikono mizima mpaka uzeeni. Awape riziki isiyowalazimu kuficha kitu. Mtu akikuiteni… mtu akikuiteni, mgeuke kwanza, mengine baadaye. Pendaneni. Dada yenu msimwachie mzigo peke yake. Nimewaridhia, nyote, nimewaridhia.

Bado anapiga? Nasikia kama anapumzika. Kikingio… mwambieni asikisahau kikingio. Akimaliza mpelekeeni fimbo yake, mmwambie kiti bado kipo hapa karibu yangu. Aje akae. Hata kama hatanisemesha, aje akae.